Rimoti 80 za mtumba: hatimaye zimeshika

Jana saa tano usiku rimoti ya gari ya kwanza ya mzigo huu ilikubali kuflashiwa, yaani kufutwa usajili wa gari la zamani. Siku kumi na moja nimeihangaikia!

Mzigo ni rimoti 80 za Toyota, za magari ya kuwasha kwa kitufe. Nilizinunua Dar kwa jumla, zikaja Arusha na basi. Wenzangu mnajua: zikishasajiliwa kwenye gari moja zinajifunga, gari jingine halizitambui mpaka ziflashiwe. Hilo nililijua wakati nalipa. Kilichonitesa ni vidoa vya shaba vidogo kuliko punje ya mchele.

Unatoa betri, unashikiza sindano za adapta, kile kiunganishi cha mashine, kwenye vile vidoa, mashine ya kuflashi inasoma bodi. Ila vidoa vyangu vimepakwa vanishi. Mashine inaanza kusoma, inafika katikati, inakata. Nikasugua kwa spiriti, wapi. Nikabadilisha waya, nikaazima laptop nyingine, nikaulaumu mpaka umeme wa huku Ngarenaro. Nikachomelea nyaya moja kwa moja: ikasoma, lakini dakika ishirini kwa rimoti moja, na mbili zilibanduka vidoa kwa joto. Zote mbili za Toyota Alphard. Iliniuma sana.

Dawa ikawa wembe. Unakwangua taratibu, mara mbili tatu tu, mpaka shaba ing'ae, basi. Bado adapta ilikuwa inacheza. Jirani yangu fundi simu alinikuta nimeikandamiza kwa kidole, mkono unatetemeka. "Kaka, si ubane na kibanio cha nguo?" Nikakitoa kambani, cha mbao. Ikasoma mwanzo mwisho bila kukata. Mpaka leo mchana zimeshika 23, zimekataa 4.

Kuhusu vifaa: kabla ya mashine ya bei kubwa, nunua kipima masafa ya mawimbi ya rimoti. Za Japani zinarusha kwenye 312 hadi 315 MHz, za Ulaya kwenye 433, na kwa macho kava zinafanana kabisa. Mzigo uliopita nilinunua kwa macho, hasara yake naijua mimi.

Leo nilipanga kuzipanga kwa namba za bodi. Sijagusa. Nimeziangalia zile sita mbovu, nne zilizokataa na mbili zilizobanduka vidoa, nikaona kava zake nzima, mpira wa vitufe haujapasuka, na wateja wengi kinachowafia ni mpira tu, bodi inabaki nzima. Nimezivua kava zote, tatu zimeshanunuliwa na fundi funguo mmoja. Tatizo ni kile kiufunguo cha chuma cha ndani: kimeshachongwa kwa gari la mwenyewe, kwa hiyo natafuta visivyochongwa. Mwenye navyo kwa jumla anitafute.

Na mteja asipokuja na gari na kadi yake, rimoti iliyoflashiwa simpi, hata akiongeza hela.

Zimebaki 51. Vibanio vingine viwili viko mezani.