Yangu imeandika mavi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Alhamisi jumuiyani tulisoma Wafilipi 3. Binti aliyekuwa akisoma kwenye simu alipofika mstari wa 8 akasema "takataka". Mzee mmoja mwenye Biblia ya jalada jeusi, kurasa zimelegea, akamkatiza: "Mwanangu, yangu imeandika mavi." Akina mama wakaficha midomo kwa khanga. Watoto ndio usiseme.

Biblia ya binti haikukosea, ila ya mzee haioni haya. Neno la Paulo kwa Kiyunani ni skubala, na katika Agano Jipya lote limo hapo tu. Lilibeba makombo, uchafu wa kutupwa, hata kinyesi. Kitabu cha hekima cha Yoshua bin Sira (27:4) kinalo kwenye mfano wa chekeche: ukilitikisa, taka hubaki, na uchafu wa mtu vivyo hivyo katika fikira zake. Mwanahistoria Josephus, akisimulia Warumi walivyouzingira Yerusalemu mwaka 70, anasema wenye njaa walichakura mifereji ya maji machafu na samadi kuukuu ya ng'ombe, wakala walichookota humo. Walichookota anakiita skubala. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaohubiri kwamba Paulo alitukana. Linakunja pua, kweli, lakini watu wa heshima waliliandika. Yohana Krisostomo, mhubiri maarufu wa Kanisa la kale, yeye alilipoza, akasema ni makapi ya ngano. Walikuwapo waliotumia mstari huu kuidharau torati, akawaziba mdomo.

Kinachonishika mimi ni vitu ambavyo Paulo aliviita hivyo ili ampate Kristo. Si dhambi zake! Rudi mstari wa 5: kutahiriwa siku ya nane, kabila la Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo. Hayo ndiyo tunayoyasoma kwa sauti kwenye wasifu wa marehemu, waombolezaji wakitikisa vichwa.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Hapo ndipo penye mtego. Ya Paulo yalikwisha kukauka, safi kabisa, mtu angeweza kupamba nayo sebule.

Kwangu juu ya televisheni kuna cheti cha miaka 15 ya kwaya, nimekitia fremu. Jana nilikuwa nakipangusa vumbi, sauti ya yule mzee ikanijia. Nikabaki nimekishika, kitambaa mkono mwingine, mpaka mke wangu akauliza kama nimeona mchwa.