Nilivyohamisha ukompailishaji kutoka Raspberry Pi hadi kompyuta mpakato

Programu ninayoitunza imeandikwa kwa C++, nayo hukusanya vipimo vya joto na unyevu kwenye Raspberry Pi Zero W, kifaa chenye prosesa ya kiini kimoja cha GHz 1 na RAM ya MB 512. Mwanzoni niliikompaili, yaani kuugeuza msimbo wake kuwa maagizo ya prosesa, humo humo kwa kompaila asilia (ile inayojenga programu za mashine ileile inamoendeshwa), na sikuona haja ya njia nyingine, kwa kuwa programu iliyojengwa ndani ya kifaa hukutana na maktaba zilezile itakazozitumia. Msimbo ulipokua, faili moja lenye templeti nyingi (ruwaza za msimbo ambazo kompaila huzipanua) likaanza kuimaliza RAM, mfumo ukakimbilia kadi ya SD kama kumbukumbu ya ziada, na badiliko la mstari mmoja likawa linanisubirisha muda wa kupika wali na kuula.

Nikasakinisha kwenye kompyuta mpakato kompaila mtambuka, yaani inayojenga programu za prosesa ya aina nyingine, ya Debian (mfumo endeshi wa Linux). Kazi iliisha upesi ajabu, ila programu ilipofika kwenye kifaa ilikufa papo hapo, ikilalamikia agizo lisilotambuliwa na prosesa. Prosesa ya Zero W ni ya ARMv6, toleo la zamani la maagizo ya prosesa za ARM, ilhali kompaila ya armhf (jina la Debian kwa ARM ya biti 32) hulenga ARMv7, toleo jipya zaidi. Niliongeza chaguo la -march=armv6, linaloiambia kompaila ilenge ARMv6, nikidhani nimemaliza; kumbe faili za kuanzishia, ambazo kiunganishi (programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa) huzipachika katika kila programu, zenyewe zilikuwa zimejengwa kwa ARMv7, na chaguo hilo haliwezi kuzibadilisha.

Ilinibidi nijenge kompaila yangu kwa crosstool-NG, zana ya kujengea kompaila mtambuka, nikiilenga ARMv6 na kuchagua toleo la glibc (maktaba ya msingi ya C) lisilo jipya kuliko lile la kifaa, kisha ninakili /lib na /usr, saraka za maktaba za kifaa, kwa programu ya rsync ili kompaila izisome kupitia chaguo la --sysroot. Hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima: baadhi ya viungo vya faili (vijifaili vinavyoelekeza kwenye faili nyingine) vilikuwa na njia zinazoanza na alama ya mkwaju (/), hivyo vikaelekea kwenye maktaba za kompyuta mpakato badala ya zile nilizonakili, hadi nilipovigeuza vyote viwe vya uhusiano, yaani vinavyohesabu njia kuanzia mahali vilipo.

Sasa programu hiyo kubwa huijenga kwenye kompyuta mpakato na kuituma kwenye kifaa kwa scp, amri ya kunakili faili kupitia mtandao, ingawa majaribio bado huyaendesha kwenye kifaa chenyewe. Vijiprogramu vya mistari mia mbili naviachia kompaila asilia, kwani maandalizi yote hayo kwa ajili yavyo ni anasa. Kila ninaposasisha mfumo wa kifaa hulazimika kunakili maktaba upya, jambo ambalo nimeshalisahau mara mbili.