Usiku wa pili ndio mgumu: nilivyosimamia Kinjeketile chuoni

Usiku wa kwanza wa igizo la wanafunzi haunipi shida sana. Kila mtu ana hofu, na kwa hofu hiyo watu wanawahi kufika, wanashika mistari yao na kunyamaza nyuma ya jukwaa bila kuambiwa. Kazi ya meneja wa jukwaa inaanza usiku wa pili, wakati waigizaji wameshasifiwa na mwongozaji amerudi kwenye utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Kuanzia hapo igizo liko mikononi mwako, na wajibu wako ni mmoja: mtazamaji wa siku ya mwisho aone kitu kilekile alichokiona wa siku ya kwanza.

Tulicheza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, katika ukumbi wa chuo hapa Dar es Salaam. Inamhusu mganga wa Vita vya Majimaji, aliyewapa watu maji wakiamini yatawakinga na risasi za Wajerumani. Wengi wameisoma, lakini ukiisimamia jukwaani unagundua kwamba jambo gumu kuliko yote ni maji. Kinjeketile anaingia mtoni, watu wanamlilia wakidhani amekufa, kisha anatoka akiwa mkavu. Ukavu huo ndio unaowafanya wanakijiji wamwamini. Sasa mchukue kijana anayeigiza chini ya taa kali, katika joto la Dar, feni zimezimwa ili sauti isimezwe: anatoka "mtoni" jasho linamchuruzika! Kwa hiyo nyuma ya pazia niliweka mtu wa maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ambaye kazi yake usiku ule ilikuwa hiyo tu. Alikuwa na taulo, feni ndogo ya kuchaji na shuka la pili lililofanana kabisa na la kwanza. Wanakijiji wakilia kando ya mto, kijana anakaushwa na kubadilishwa shuka, na mpiga ngoma haanzi mdundo wa kutoka mpaka nimpungie mkono.

Halafu kuna maji yanayonyunyizwa kutoka kwenye kibuyu. Sakafu ya mbao ikilowa, na waigizaji wako pekupeku, mtu anaweza kuvunjika mguu. Nilimpigia simu mwongozaji, tukakubaliana kwamba mmoja wa akina mama wa kijijini apige magoti hapo na kutandaza kaniki yake kana kwamba anapokea baraka. Sakafu ikakauka na tukio likapendeza zaidi. Sikutaka kulibadilisha hilo bila yeye. Naamini meneja akianza kurekebisha igizo kwa akili yake mwenyewe, atakosa nguvu ya kumkataza mwigizaji kufanya vivyo hivyo.

Na waigizaji hufanya. Kijana aliyecheza askari shambani alichekwa kidogo usiku wa kwanza kwa namna alivyotembea. Usiku wa pili akaongeza mwendo, akaongeza na maneno ya mtaani. Ukumbi ukalipuka. Saa yangu ilionyesha tukio limerefuka dakika nne, lakini dakika hazikuniumiza kama kilichofuata: wanakijiji, akiwemo Kitunda, wanaanza kupigwa shambani, na watu bado wanacheka. Sikumsema mbele ya wenzake. Kesho yake nilimsubiri alipofika, tukakaa nje kwenye ngazi.

"Dada, si ulisikia watu walivyofurahi?" akaniambia.

"Nilisikia, mdogo wangu. Kitunda alipoanza kupigwa, uliwasikia?"

Akanyamaza, akaangalia chini. Nikamwambia ule mwendo wake wa usiku wa kwanza ulitosha, kwa sababu mtu anayechekesha kidogo halafu akainua kiboko anatisha kuliko anayechekesha muda wote. Usiku huo akarudi kwenye mistari yake. Ukumbi ulicheka mara moja, kisha ukakatika kama umezibwa mdomo. Aliponipita akitoka jukwaani aliniangalia tu, nami nikamwitikia kwa kichwa.

Ratiba ilikuwa hivi: onyesho saa moja na nusu usiku, kufika ukumbini saa kumi na moja jioni. Magharibi inaingia katikati ya muda huo, kwa hiyo mapumziko niliyaweka hapo. Wanaosali wanasali, wengine wanakula, kisha wote wanarudi kupasha sauti. Mwenye jaribio asubuhi alinijulisha mapema ili atoke mara tu baada ya kusalimia watazamaji. Kila mwanakijiji alijua mistari ya mwenzake mmoja, na msichana mmoja alipopata homa, wa pili yake aliingia bila mtazamaji yeyote kujua.

Umeme nao ulikatika, kama nilivyotarajia. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi gizani kabla ya uzinduzi: anayesema anaendelea kusema, ngoma inashuka chini bila kukoma, na vijana wawili wa pembeni wanawasha taa za kuchaji zilizowekwa chini mbele ya jukwaa. Hakuna kukimbia wala kuitana. Baadhi ya watazamaji walikuja kuniuliza kama lile giza lilikuwa sehemu ya igizo.

Sheria niliyoisimamia kwa ukali zaidi ni ya dakika za mwisho. Kinjeketile yuko kwenye minyororo, anatakiwa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa. Mtazamaji anajua kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa kweli na Wajerumani, Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Wakati huohuo nyuma ya pazia kuna vijana waliomaliza sehemu zao, wanataka kuvua maleba na kupiga picha. Nikasema hakuna kuvua, hakuna simu, wote tunasimama pembeni ya jukwaa tukisikiliza mpaka mwisho. Usiku wa pili walinung'unika. Siku zilizofuata walikuja wenyewe kabla sijawaita, na kijana wa askari ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha wenzake.

Yote haya niliyaandika kila usiku kabla ya kufunga ukumbi: muda wa kila tukio, kilichovunjika, nani alichelewa, mstari gani uliruka. Daftari hilo nimemkabidhi binti wa mwaka wa pili atakayesimamia igizo lijalo, pamoja na lile shuka la pili.