Majibu ya damu ya baba mdogo
Baba mdogo, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alishangilia majibu ya damu yalipoonyesha kuwa CEA yake, protini ya kwenye damu inayoweza kupanda mtu akiwa na saratani, ni nanogramu 3 kwa mililita, chini ya 5 ambayo maabara nyingi huiona kuwa ya kawaida. Daktari hakushangilia. Alitueleza kwamba protini hiyo, iliyoelezwa na watafiti mwaka 1965, inaweza kubaki chini hata saratani ya utumbo mpana ikiwapo, na inaweza kupanda kwa mvutaji sigara asiye na uvimbe wowote (naye huvuta, tumemsema hadi tumechoka), kwa hiyo damu iliyokuwa ikionekana chooni ilihitaji kuchunguzwa kwa kamera ya utumbo na kipande kidogo cha nyama ya utumbo kupelekwa maabara. Uvimbe ulikuwapo. Ameshafanyiwa upasuaji, na sasa kipimo kilekile hurudiwa kila miezi 3 ili kikianza kupanda, achunguzwe mapema kama saratani imerudi.