Sifuri mbili

Jana usiku nilisahihisha zoezi la kwanza la kidato cha kwanza, na sifuri mbili nilizotoa zimeninyima raha tangu alfajiri. Nilikuwa nimechora ubaoni rafu iliyoinama na vitabu vikiwa sakafuni, nikawataka wanafunzi waeleze kilichotokea kwa sentensi moja. Kijana aliyezaliwa hapahapa Mukono, Uganda, aliandika "Vitabu vimegwa", na binti aliyehamia kutoka Gulu, kaskazini mwa nchi, akaandika "Vitabu ameanguka". Kalamu nyekundu ilipita juu ya zote mbili bila kusita.

Asubuhi nilizitazama tena kwa utulivu. Kijana hakulijua neno, lakini upatanisho wa kisarufi anao tayari, kwa kuwa katika Luganda husema "ekitabo kigudde, ebitabo bigudde". Alichofanya ni kuchukua mzizi wa nyumbani na kuuvika viambishi vya Kiswahili, kila kimoja mahali pake. (Tena wazee wa Mombasa husema "kugwa", na hakuna anayewakosoa.) Binti naye neno analo, ila ngeli ndizo zinazomtatiza, kwani Kiacholi, lugha ya kwao, si lugha ya Kibantu na hakina ngeli. Wawili hawa wanahitaji masomo mawili tofauti, nami niliwapa alama moja.

Tangu mtaala mpya wa 2020 ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, nimekuwa nikiwapokea wanafunzi kana kwamba wote wanaanzia patupu. Nikimaliza kufundisha huuliza, "Mmeelewa?" nao huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Itikio hilo ni adabu tu, halinielezi chochote kuhusu wanachokijua, na ninasikitika kwamba nimelitegemea kwa miaka mingi kiasi hiki.

Wakati wa mapumziko nilimwita binti, nikamwomba anieleze alivyoifikia sentensi yake. Alisema baba yake ni askari na kwamba amekulia kambini, ambako Kiswahili, lugha ya jeshi tangu enzi za mkoloni, husemwa kutwa bila kujali ngeli.

"Mwalimu, kwetu kila kitu ni ameanguka," alisema, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Kesho nitawaketisha dawati moja, kila mmoja amsahihishe mwenzake. Sifuri nimezifuta, ila bado sijaamua niandike nini mahali pake.