Digrii wa wodi ya wazazi: siku yangu moja kazini

Saa 11:00 alfajiri

Alamu inalia, naizima, inalia tena. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya stendi. Kodi ya miezi sita alinikopesha kaka yangu wakati nasubiri cheki namba, ile namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara, na aliyewahi kuajiriwa serikalini hahitaji maelezo zaidi: barua unayo, kazi unafanya, mshahara uko njiani. Huu ni mwezi wangu wa nne katika hospitali moja ya wilaya huku kusini, nchi ya korosho. Napiga pasi gauni jeupe mara mbili. Nikifika na mkunjo mmoja tu, ndiyo itakuwa habari ya siku.

Saa 1:30 asubuhi, ripoti

Tunapokezana wagonjwa kitanda kwa kitanda. Dada wa zamu ya usiku anasoma huku anamtazama Mama Mkubwa, kiongozi wa zamu yetu, peke yake, kana kwamba mimi ni stendi ya dripu. Namba mbili, uzao wa tatu, amejifungua salama saa tisa usiku. Namba tatu, njia imefunguka sentimita sita. Tukifika namba tano anafunga faili.

"Huyu Digrii atamsoma mwenyewe, si kasoma?"

Wanacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani. Natabasamu, nachukua faili, nasoma. Mama wa namba tano ana upungufu wa damu na alishawahi kutokwa damu nyingi uzazi uliopita. Jambo kama hilo huliachi kwenye karatasi, unalisema kwa mdomo. Hapo ndipo huwa napandwa na hasira, si kwa sababu ya jina. Mimi wanikasirikie tu. Mama wa namba tano kawakosea nini?

Jina la Digrii nalo nililitafuta mwenyewe, niseme ukweli. Wiki yangu ya kwanza nilimkuta Mama Mkubwa anambonyeza mzazi juu ya tumbo ili mtoto ashuke, na mimi, kiherehere changu, nikasema kwa sauti: "Hiyo siku hizi hairuhusiwi, inaweza kupasua kizazi." Nilikuwa sahihi. Mpaka leo naamini nilikuwa sahihi. Lakini nilisema mbele ya mzazi, mbele ya wanafunzi wawili wa chuo na mbele ya mhudumu anayedeki. Mama Mkubwa ana miaka 21 leba. Aliondoa mikono yake taratibu, akavua glavu, akaniambia, "Haya, endelea wewe, Digrii." Akatoka. Mtoto alizaliwa, akalia. Mimi kidogo nilie pia.

Saa 2:10

Kabati la dawa limefungwa. Ufunguo, kwa utaratibu, unakaa kwa kiongozi wa zamu. Naomba. "Subiri nimalize." Nasubiri dakika kumi, naomba tena. "Si umesubiri kidogo tu?" Mashine ya presha iliyo nzima nayo imehamia chumba cha akina mama wa baada ya kujifungua, iliyobaki mkanda wake unavuja hewa. Mhudumu ananipitia na ndoo, anasema bila kunitazama, "Mwanangu, mashine nyingine iko chini ya meza ya inchaji, kwenye boksi la glavu." Inchaji ndiye muuguzi mkuu wa wodi. Wahudumu wanajua kila kitu kwenye wodi. Muuguzi mpya anayewapita bila salamu anajinyima nusu ya hospitali.

Saa 3:00, raundi

Daktari anauliza kipimo cha mkojo cha namba nne. Najua jibu. Nanyamaza, namwacha Mama Mkubwa ajibu. Hili nimejifunza hapa, darasani halikuwemo.

Saa 4:30, chai

Chumba cha chai kina sufuria moja, chapati za mama wa kantini na daftari la mchango lenye majina tisa. Langu halimo. Mwezi wa kwanza nilidhani wamesahau. Mwezi wa pili nilileta elfu tano mkononi, nikaambiwa mtunza fedha yuko likizo. Tangu hapo naleta chupa yangu ya chai ya tangawizi na mihogo, nakula kwenye benchi la nje pamoja na mhudumu.

Leo ndiye aliyenipa habari ambayo hakuna aliyewahi kunipa. Mama Mkubwa alianza na cheti. Miaka yote hiyo ameomba ruhusa ya kwenda kusoma stashahada mara mbili. Mara ya kwanza wodi haikuwa na mtu wa kushika nafasi yake, mara ya pili ruhusa ilitoka ila mtoto wake alikuwa ndiyo anaingia chuo, ada ikachagua mmoja. Wakati huohuo wanakuja wenye digrii, mmoja baada ya mwingine. Anawafundisha wapi gozi zinakaa, daktari gani hapokei simu usiku, mkono wa kumgeuza mtoto unaingiaje. Mwaka mmoja na nusu, kijana kawa inchaji wake. "Kafundisha mainchaji watatu," mhudumu anasema, anamenya muhogo. "Wewe ni wa nne. Unataka akuimbie taarabu?"

Mimi siku niliyoingia tu, mshahara wangu wa kuanzia haukuwa mbali na wake wa miaka 21. Muundo wa utumishi sikuutunga mimi. Ila ndio unaotembea na mimi wodini, una gauni langu na sura yangu.

Saa 6:20 mchana

Gari la wagonjwa kutoka kituo cha afya. Binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, miguu imevimba, anasema kichwa kinapasuka na macho yanaona ukungu. Presha 170 kwa 120. Tunamlaza, na kabla sijamaliza kutoboa mshipa anaanza kukakamaa. Kifafa cha mimba.

Hili nalijua. Nimelijibu kwenye mtihani, nimelifanya kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Magnesiamu salfeti, gramu 4 kwenye mshipa polepole, kisha gramu 5 kila tako. Tunamlaza ubavu, oksijeni, tunafyonza mate. Mama Mkubwa kashika taya la binti. Mimi niko na ampuli mezani, ml 10 zina gramu 5, na akili yangu imesimama kabisa. Nne kwa tano mara kumi ni ngapi? Swali la mtoto wa darasa la sita. Natazama bomba la sindano la ml 20, vidole vinatetemeka mpaka ampuli inagonga treyi.

"Nane za dawa, kumi na mbili za maji," anasema. Hakupaza sauti. Hakuacha taya. "Nane na kumi na mbili, mwanangu. Vuta."

Navuta. Nane, kumi na mbili. Nasukuma huku natazama saa ya ukutani, yeye anahesabu dakika. Za matako anachoma mwenyewe, kila moja na ml 1 ya lignokaini, dawa ya ganzi, ili isimuunguze, upande huu, upande ule. Haidralazine ya kushusha presha, mpira wa mkojo. Kalsiamu gluconeti naiweka karibu, maana magnesiamu ikizidi inasimamisha pumzi, na kalsiamu ndiyo inaiamsha. Daktari anafika tukiwa tumeshamaliza, anaamua kumpeleka chumba cha upasuaji. Mtoto wa kike, kilo 2.3, kalia baada ya kusuguliwa mgongo. Mama yake anaamka saa nane kasoro, anauliza yuko wapi.

Ningependa kuandika kwamba tulikumbatiana. Mama Mkubwa alinawa mikono, akasema, "Digrii, andika. Kisichoandikwa hakijafanyika." Akaenda kula.

Saa 8:15

Kila baada ya saa nne anachomwa gramu 5 nyingine, tako moja kwa kupokezana, na kabla ya kurudia unapima mambo matatu: goti linaruka likigongwa, pumzi hazipungui 16 kwa dakika, mkojo haupungui ml 30 kwa saa. Natengeneza karatasi ya kufuatilia, naibandika kitandani. Dada mmoja anayeingia zamu ya jioni anaitazama. "Tumeanza kubandikiwa karatasi sasa." Lakini anaisoma. Nimemwona anaisoma.

Saa 9:00 alasiri

Kabla ya kutoka, kila aliyezalisha lazima aingize taarifa kwenye mfumo, mbali na kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za huduma za afya. Mama Mkubwa amekaa mbele ya kompyuta, anabonyeza kwa kidole kimoja. Uzazi wa kwanza wa asubuhi umemkataa mara mbili, mfumo unadai tarehe. Najua kosa liko wapi, ameanza na mwezi. Nafikiria kumwambia. Nafikiria na ile wiki ya kwanza. Wanafunzi wapo, dada wa jioni yupo.

Navuta kiti, nakaa kompyuta ya pembeni, naanza kuingiza taarifa zangu huku nasema kama najisemea, "Hii nayo inataka siku kwanza, ndio mwezi. Ilinisumbua hii!" Dakika inapita. Nasikia kibonyezo. Haikatai.

"Mashine za kijinga," anasema.

"Za kijinga kweli, mama."

Ufunguo wa kabati anauweka mezani, katikati yetu, akienda kukabidhi ripoti. Sijui kama ni makusudi. Naukabidhi zamu ya jioni, na nasaini.

Kwenye ripoti anasoma binti wa kifafa cha mimba kwa kirefu, dozi na muda. Anasema "tulimpa". Mama wa namba tano nilimsoma mimi, kwa mdomo, damu na uzazi uliopita na yote. Dada wa jioni anapiga miayo. Anaandika lakini.

Saa 1:20 usiku

Nimelala kifudifudi, wali unaiva kwenye jiko la gesi. Simu inaita ujumbe. Ni kundi la wodi, ambalo niliunganishwa mwezi uliopita na hakuna anayenijibu humo. Orodha mpya ya mchango wa chai. Majina tisa kama kawaida, halafu la kumi: "Digrii, bado."

Natuma elfu tano kwa simu. Anajibu mtunza fedha peke yake: "Imepokelewa. Unadaiwa ya miezi mitatu iliyopita."