Siku Moja Maishani Mwangu: Kutafuta Tetemeko Lilikotokea

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua kompyuta kabla hata ya kuketi vizuri. Tangu juzi kuna kundi la matetemeko madogo, 23 kwa jumla, na programu imeshayapangia mahali. Kwenye ramani yametapakaa kama mtama uliomwagika. Linaloniudhi zaidi ni kina: matetemeko 9 yameandikwa kilomita 10 kamili. Hicho si kipimo. Programu ikikosa data za kukadiria kina, hukibandika kwenye 10 na kuendelea, na msomaji wa taarifa hana namna ya kujua.

Saa 2. Kusoma mawimbi ya matetemeko yaliyorekodiwa na vituo vya kupimia, moja baada ya jingine. Ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Wimbi la P hutangulia, mstari ukijikunja kidogo tu. La S hufuata, kubwa zaidi, lakini mwanzo wake umefichwa na mkia wa P, na hapo ndipo jicho linapohitajika. Katika miamba ya juu P huenda karibu kilomita 6 kwa sekunde, S karibu 3.5. Nikikosea P kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, nimekosea mita 600 za safari yake. Programu zilizofunzwa kusoma mawimbi hunipunguzia kazi nyingi mno. Hata hivyo S zenye utata nazirudia mwenyewe.

Saa 4. Nakuta jambo. Kituo kilicho karibu zaidi na matetemeko kimetengwa. Programu imeona hakipatani na vingine, ikaacha kukisikiliza. Lakini kina hutegemea kituo cha karibu! Kwa vituo vya mbali, tetemeko likibadilika kina au likibadilika muda wa kuanza, matokeo huonekana karibu sawa.

Napanga tofauti kati ya muda uliosomwa na uliokokotolewa: juzi sekunde 0.4, jana 0.7, leo 1.0. Mawimbi yanaonekana kuchelewa, kila siku zaidi. Kama ingekuwa ni miamba laini chini ya kituo, ucheleweshaji ungebaki ule ule. Unaokua hivi ni wa saa: saa ya kituo inatangulia, na haipati tena muda wa GPS wa kujisahihisha. Kwa wimbi la P, sekunde 1 ni kilomita 6.

Programu haikukosea kuwa na shaka. Tangu mwanasayansi Ludwig Geiger aeleze njia hii ya kutafuta mahali pa tetemeko mwaka 1910, tunakisia mahali, tunakokotoa, tunalinganisha na kusogeza, hadi jumla ya miraba ya tofauti ipungue. Tofauti moja kubwa ikipigwa mraba huvuta jibu zima. Ila imetupa na kilicho kizima: muda kati ya P na S. Saa ikitangulia, imetangulia kwa yote mawili. Ukitoa moja kwa jingine kosa linajifuta. Zidisha sekunde hizo kwa 8 hivi, unapata umbali kwa kilomita.

Nampigia fundi aende kituoni.

Saa 7. Chakula, haraka.

Saa 8. Sasa njia ya tofauti mbili, ya wanasayansi wa matetemeko Waldhauser na Ellsworth, ya mwaka 2000. Matetemeko mawili jirani hutuma mawimbi kituoni kwa njia ile ile karibu yote, hivyo tusichokijua kuhusu miamba ya katikati kinajifuta, na kinachobaki ni nafasi kati yao. Nalinganisha maumbo ya mawimbi hadi milisekunde. Mtama unajikusanya: mstari mmoja mwembamba, ukielekea chini kwa mshazari. Ni ufa wenyewe. Siwezi kuzoea kuona hivyo.

Mstari mzima unaweza bado kuwa umesogea pembeni, kwa kuwa njia hii ni hodari wa nafasi kati ya matetemeko kuliko mahali halisi. Naupima kwa mlipuko wa machimbo ya mawe ambao mahali pake panajulikana: modeli yetu ya kasi za mawimbi katika miamba inaukosa kwa mita 700. Nitaishi nazo.

Saa 10. Simu.

“Fundi, umekuta nini?”

“Panya wametafuna waya wa antena ya GPS. Nimeshaubadilisha, saa inajirekebisha.”

Saa 11 jioni. Kati ya yale 9, matetemeko 7 sasa yana kina, kati ya kilomita 6 na 8, na makadirio ya kosa karibu kilomita 1. Mawili S zake hazisomeki. Nayaacha kwenye 10, na pembeni naandika: kina kimewekwa, hakikupimwa.